Wafalme Wawili Katikati ya Ubao

Mjomba wangu alichonga kete zake za eshek kwa mti wa avoka, yaani parachichi, hapa nyumbani mtaa wa Kasenga, kabla mimi sijaujua mchezo wenyewe. Wengine huuita sataranji. Sisi tulichukua jina la Kifaransa tukakaa nalo. Farasi wake wana masikio makubwa ya mbuzi, kwa sababu mjomba ameona mbuzi wengi kuliko farasi. Mimi nawapenda hivyo hivyo.

Mashindano makubwa yakichezwa huko Ulaya, wale mabingwa wa dunia wakikaa wawili wawili kimya na chupa zao za maji, sisi tunawafuata kwa simu. Mmoja anasoma hatua, mwingine anasogeza kete kwenye ubao wa mjomba, na wote tunasema bingwa angepaswa kufanya nini. Mtu aliyefungwa jana na jirani yake leo anamkosoa bingwa wa dunia bila aibu. Ndiyo raha yake.

Kimanga, mtaa mwingine wa mji wetu, nako kuna watu wa eshek, ila wao wanachezea vifuniko vya chupa juu ya katoni. Mkubwa wao ni fundi wa simu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, tunamwita Fundi tu. Siku moja yeye na mjomba walibishana ni bingwa gani mkali zaidi. Mjomba kwa majivuno yake akasema kila upande uchague wake. Bingwa wa Kimanga akimaliza juu ya wetu, wachukue ubao mpaka mashindano makubwa yajayo.

Alisema hivyo akiwa na miguu yote mizima. Wiki iliyofuata akaanguka na pikipiki akitoka Luberizi na gunia la mchele. Mchele ulipona, mguu ukavunjika. Tangu hapo alikaa barazani, mguu wenye plasta juu ya kiti, na ule ubao ukawa ndiyo kazi yake na ndiyo matembezi yake. Asubuhi aliuulizia kabla ya chai. Mke wake alimwomba ayafute yale maneno. Fundi ni mtu wa kanisa, angeelewa. Mjomba akakataa.

"Nilisema minye mwenyewe," akamjibu. "Umevunjika mguu, si kinywa."

Siku ya mwisho ya mashindano ilikuwa Jumapili. Fundi alikuja baada ya ibada na mfuko mtupu begani, na ule mfuko uliniudhi. Bingwa wao alikuwa ameshacheza na kushinda. Wetu, kijana mwembamba anayefumba macho akifikiri, alikuwa bado mezani. Akitoa sare, anabaki juu yao. Akifungwa, ubao unaondoka.

Mimi nilisoma, mjomba akasogeza. Mfalme wetu alikuwa amejificha pembeni nyuma ya askari wake, na zamu ilikuwa yetu. Hapo mtandao ukakwama. Uliporudi, simu ilinionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona: wafalme wote wawili wamesimama katikati ya ubao, uso kwa uso, wanagusana. Kisha mega zangu za intaneti zikaisha.

Hata anayeanza eshek anajua kwamba mfalme hasogei karibu na mfalme mwenzake. Sisi Kasenga tuliongeza sheria yetu, baada ya ugomvi mmoja uliotaka kupasua ubao: anayegusanisha wafalme ameshindwa pale pale, hakuna kurudisha. Basi wote tukahukumu kwa sheria ile. Hatua za katikati hatukuziona, ila zamu ya mwisho kuonekana ilikuwa ya wetu, kwa hiyo tukasema aliyekosa ni yeye. Nikasema labda amechoka, maskini.

Mjomba aliutazama ubao. Halafu akasema kwa sauti ya kila siku, "Fundi, weka mu mufuko."

Akawa anampa kete moja moja kwa mkono wake. Alipofika kwa farasi mmoja akamsimamisha. "Huyu sikio lake linalegea. Usimushike hapa." Mimi nikageuka, nikatazama pikipiki zinazopita barabarani.

Fundi alipotaka kuaga, mke wa mjomba, ambaye sote tunamwita Mama, akatokea jikoni na sinia. Kwetu mgeni haondoki chakula kikiwa tayari, hata kama anaondoka na ubao wako. Fundi akasema anawahi Kimanga. Mama akamwekea maji ya kunawa kama hakusikia. Tukaketi kwenye bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Simu ya Fundi ilikuwa kando ya sinia, na yeye alikuwa bado na mega. Ikalia. Akaichukua kwa mkono wa kushoto, akasoma, akaacha kutafuna.

Angeweza kuilaza kifudifudi na kuendelea kula. Pale barazani hakuna aliyekuwa na njia ya kujua. Badala yake alinawa tonge likiwa bado mbele yake, akavuta mfuko, akamtoa mfalme mmoja na kumrudisha kwenye ubao uliokuwa bado kando ya mjomba.

"Ni sare," akasema.

"Fundi, usinionee huruma. Minye si mutoto."

"Huruma gani, muzee? Nilikuwa nimeshaupangia nafasi kwa meza yangu." Akaeleza kwamba mbao za wale mabingwa zina nyaya ndani. Wakimaliza, wanawaweka wafalme katikati wenyewe, ili mashine ijue mchezo umekwisha, na wakisimama uso kwa uso vile maana yake hakuna aliyeshinda. Akanipa simu. "Soma weye, asikie."

Kulikuwa na picha ya vijana wawili wakipeana mikono, wetu akicheka kwa uchovu. Chini yake, pointi nusu kwa nusu. Chini zaidi, majina yamepangwa, wetu juu ya wao. Nikasoma. Mjomba akasema nisome tena. Nikasoma tena.

Akaegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu mpaka mabega yakalegea. Mke wake, ambaye hatofautishi farasi na askari, alikaa kizingitini akasema polepole, "Asante Yesu."

"Sasa kula," mjomba akamwambia Fundi. "Bugali inapoa."

"Nikule nini tena? Mumeninyang'anya ubao."

"Uliupata lini?"

Walicheka wote wawili, na kete zilizobaki zikatoka mfukoni.

Nilimsindikiza Fundi mpaka penye pikipiki. Njiani aliniambia hata yeye amepumua. "Nilikuwa najiuliza ningeubeba namna gani mbele ya ule muguu." Akapanda, mfuko wake umekunjwa kwapani.

Niliporudi, mjomba alikuwa anamweleza mke wake kwamba yule kijana wetu amekubali sare mapema mno, kwamba yeye angeendelea kucheza. Mama alikuwa anaosha sinia, anaitikia kila neno.