Mpishi wa Kitahana anayepima homa kwa mkono kabla ya kupakua uji

"HAKUNA mtoto wa shule hii anayeweza kunificha homa," anasema Josepha Nicodemus, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Mkono huu ni kipimo. Hospitali wana mashine, Kitahana wana mimi."

Anakoroga mara mbili tatu, anaugonga mwiko ukingoni, kisha anaucheka mkono wenyewe.

"Isipokuwa nikiwa nimetoka kuchochea moto. Hapo kila mtoto namwona wa baridi, hata anayetetemeka."

Ni alfajiri, na ukungu umelalia mabonde ya Kitahana, wilayani Kibondo, kama mtu aliyeamshwa akakataa. Jiko la shule ni bati juu ya nguzo sita. Chini yake kuna mafiga, na nyuma yake stoo ya mahindi yenye mlango wa mbao. Kuni zimelowa. Moshi hauna haraka ya kutoka, na Josepha (58) anakohoa huku akijifunga vizuri kanga yake ya maua, iliyochanwa pembe moja, nyuzi bado zinaning'inia.

Kazi anayolipwa ni kupika. Asubuhi uji, mchana makande, kwa watoto zaidi ya mia nne. Wazazi ndio wanaochanga. Mwezi mzuri anapata shilingi elfu sitini. Mwezi mbaya anapewa nusu yake na debe la mahindi.

"Na mahindi yenyewe tunajuana," anasema. "Nimeyapika mwaka mzima, yakiniona yanalainika yenyewe."

Kazi asiyolipwa ndiyo inayomnyima usingizi. Kila asubuhi, kabla ya kupewa uji, mtoto husimama mbele yake. Josepha humwekea mgongo wa mkono shingoni, chini ya sikio. Mzima hupita. Mwenye moto hurudishwa nyumbani.

"Watu wanadhani naona raha," anasema. "Ukimrudisha, umemnyima uji, na kwao hakuna kitu hadi jioni. Ukimpitisha, umewagawia wenzake ugonjwa, au umemsindikiza makaburini. Haya, chagua wewe uliyesoma."

Utaratibu huu ulianza msimu wa mvua wa mwaka jana, baada ya Moses.

Moses, mtoto wa Ndayisaba, alikuwa darasa la pili. Siku hiyo aliamka na homa. Wazazi wake walikuwa na mahindi ya kupalilia, magugu yameshafika kiunoni. Wakaona heri aende shule, maana shuleni kuna uji na kuna watu wa kumtazama. Akaingia mstarini, akaimba na wenzake. Ubeti wa pili haukuisha, akaanguka.

Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mwalimu. Pikipiki ilipofika hospitali, hapakuwa na mgonjwa wa kushusha.

"Kikombe chake kiko pale," anasema Josepha, akielekeza kidevu kwenye rafu ya mabanzi. Ni kikombe cha plastiki, cha kijani. "Nikimpa mtoto mwingine, mamake ataniuliza nina maana gani. Nikikitupa, Ndayisaba ataniuliza nina maana gani. Basi kinakaa, kinanitazama."

Baada ya mazishi kijiji kiliitisha mkutano. Ikaamuliwa kwamba mtoto mwenye homa hapokewi shuleni. Mzazi atakayemwingiza kwa hila ataleta mizigo mitatu ya kuni. Mfanyakazi wa shule atakayefanya hivyo ataacha mwiko, aende akatafute kazi nyingine.

Adhabu ya kuni ilipendekezwa na Josepha mwenyewe.

"Wakasema huyu mama ana huruma na watoto. Kumbe na mafiga yangu niliyakumbuka," anasema, na jicho moja linacheka peke yake. "Tangu siku hiyo sijapungukiwa kuni. Hesabu mwenyewe hapa kwetu kuna waongo wangapi."

Hila zao anazijua zote. Wapo wanaomwagia mtoto maji ya kisima shingoni wakishakaribia shule. Wapo wanaompa nusu kidonge cha kutuliza homa kabla hakujakucha, ili wakati wa uji awe wa baridi. Ikifika saa nne anawaka darasani. Na wapo wanaompaka mafuta usoni hadi anameremeta, aonekane ameamka vizuri.

"Hao wa mafuta ndio wajinga kabisa," anasema. "Mtoto mzima haji shule anang'aa. Mtoto mzima anakuja na tongotongo."

Macho hayo hakuyapata Kitahana. Josepha alizaliwa Kabanga, karibu na Kasulu, na mamake alikuwa akiuza ndizi za kuchoma nje ya hospitali ya misheni. Utoto wake wote aliumalizia kando ya jiko lile la mkaa, akiwatazama wanaoingia na wanaotoka.

"Nilikuwa najua nani atatoka kwa miguu yake na nani atatoka amefunikwa shuka. Nikimwambia mama, ananichapa. Sasa naombwa jambo lile lile nililochapiwa."

Alimaliza darasa la saba, akaolewa na Nicodemus wa Kitahana, ambaye sasa ni marehemu. Binti yao wa pekee, Evaline, anapika kwenye mgahawa Kasulu mjini. Mtoto wa Evaline, Elieth, yuko darasa la kwanza na anaishi na bibi yake.

"Ukoo mzima tunapikia watoto wa watu," anasema Josepha. "Wa kwetu wanakula harufu."

Wiki hii Elieth ndiye anayemwumiza. Juzi alipandwa na homa usiku, na kulipokucha bibi akambeba hadi zahanati. Wakamkuta na malaria. Wakampa dawa, wakampa Josepha na neno moja zito: mtoto apumzike, lakini asiachwe peke yake. Akitapika dawa, au akipata degedege, akimbizwe hospitali bila kungoja mtu.

"Leo nimemwacha nyumbani," anasema, akiwa ameshageukia sufuria. "Yuko na jirani. Sheria ni sheria."

Kisha anachota kikombe cha maji, anaingia nacho stoo, anatoka mikono mitupu na kuurudishia mlango taratibu.

"Panya," anasema. "Wakinywa maji hawali mahindi."

Watoto wanaanza kufika, miguu imelowa umande, vikombe mikononi. Foleni inajipanga. Mkono wa Josepha unakwenda shingo hadi shingo, na kila shingo na neno lake. Huyu anaambiwa aoge. Yule anaulizwa kama babake amelevuka.

Zamu inamfikia Japhet wa darasa la tatu, ameshikwa mkono na mamake. Paji la uso linang'aa, mashavu yanang'aa, hata masikio.

Mamake ni Immakulata Ininahazwe, jirani wa Josepha, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakamzalia huku huku. Mgongoni ana kapu tupu.

"Mwakeye, Mama Evaline," anaamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mama Japhet. Leo mtoto anaoa?"

Foleni nzima inaangua kicheko. Immakulata hacheki.

Josepha anafuta mkono kwenye kanga, anausubiri upoe, anauweka. Anauacha pale muda mrefu kuliko kwa wengine.

"Mrudishe."

"Ni jua tu, tumetembea."

"Jua lipi? Lile ambalo bado limelala?"

"Mama Evaline, nakuomba." Immakulata anapunguza sauti. "Kule kijiji cha Murungu nimepata kibarua cha kuvuna maharage. Nisipotokea leo wanaweka mwingine. Huyu nitamwacha na nani, na mbuzi?"

"Mbuzi naye ana macho. Atamtazama."

"Oya, usinicheke!" Anakataa kwa lugha ya mamake, sauti imepanda. "Wewe wa kwako ni mgonjwa tangu juzi, kijiji kizima kinajua. Umemwacha na nani?"

Josepha anashika mwiko.

"Wangu yuko mahali pazuri."

"Basi nionyeshe na mimi mahali hapo, nipeleke wangu."

Uji unachemka, puu, puu, puu. Immakulata anamgeuza mwanawe kwa bega.

"Mizigo mitatu ya kuni nitaileta," anasema akiondoka. "Uzipikie hizo sheria zako."

Josepha anaendelea kupakua. Watoto kumi wanapita bila kutaniwa hata mmoja. Sufuria ya pili inaanza kushika chini, na harufu ya kuungua inawafikia watoto kabla haijamfikia yeye.

"Japhet alipozaliwa, mimi ndiye niliyemshika wa kwanza," anasema baadaye, akikwangua. "Mvua ilikuwa kubwa, zahanati hapafikiki. Mkono huu huu. Leo nimemshika nao ili nimfukuze."

Akiulizwa angetaka nini, hataji nyongeza ya mshahara. Anataka chumba.

"Kimoja tu. Hata cha udongo. Mkeka, ndoo ya maji yenye mfuniko, na mlango unaotazamana na jiko, anayepika awe anachungulia. Mtoto mgonjwa asikae darasani kuwaambukiza wenzake, asikae nyumbani peke yake na mbuzi. Alale palipo na jicho la mtu."

Ameshalipeleka jambo hilo kwa kamati ya shule mara mbili. Wakamwambia lisubiri vyoo viishe.

"Vyoo vinasubiri bati. Bati linasubiri pesa. Pesa inasubiri kikao. Homa tu ndiyo haijui kusubiri."

Mwisho wa mwezi kuna mkutano wa wazazi, naye ana mpango wa kusimama tena. Safari hii hataenda na maneno matupu. Atatoa mikaratusi kutoka shambani kwake iwe nguzo, na anaamini Ndayisaba atafyatua tofali. Hajamwambia bado. Anatafuta pa kuanzia.

Kengele imeshalia wakati Mwalimu Mwajabu anapofika jikoni. Ni mwenyeji wa Handeni, mwalimu wa afya, na ndiye aliyekuwa amemkumbatia Moses kwenye pikipiki ile. Tangu hapo, kila asubuhi huja kuuliza nani amerudishwa.

"Mmoja tu," Josepha anamjibu. "Japhet."

"Na Elieth simwoni."

"Nimemwacha, mwalimu. Sheria haichagui mjukuu."

"Kwa nani? Si walisema asiachwe peke yake?"

"Kwa Mama Japhet. Kwa kuwa nimemrudisha na mwanawe, anawatazama wote wawili."

Mwalimu anashusha pumzi.

"Hapo umenipumzisha, bibi. Maana wazazi wananiambia unawabana wao, siku ikifika zamu yako utapindisha. Nami nimewajibu, nikasema Bibi Josepha simfikirii hivyo."

"Ahsante, mwalimu," anasema Josepha, na anaikwangua sufuria ambayo imeshakwanguliwa.

Ndipo Immakulata anapotokea tena, kwenye njia ya nyuma ya madarasa. Hakwenda Murungu. Kapu ameliacha, na mgongoni sasa amembeba Japhet, miguu mirefu ya mtoto inaning'inia hadi magotini kwa mamake. Mafuta usoni yamekauka.

"Nimekuja kuomba uji," anasema bila salamu. "Ugali wa jana umemshinda."

"Mama Japhet!" Mwalimu anamgeukia. "Sasa na Elieth umemwacha na nani?"

Immakulata anamtazama mwalimu. Anamtazama Josepha. Josepha anatazama uji.

Mtu aliyefukuzwa asubuhi mbele ya watoto wa watu, akakosa na kibarua chake, ana haki ya kusema ukweli. Neno moja tu lingetosha, na mwiko ungebadilisha mkono leo leo.

"Amelala," anasema Immakulata. "Nimemwacha amelala, nimekuja mara moja."

"Na homa?"

"Imeshuka."

Josepha anageukia rafu kutafuta kikombe. Vidole vinagusa kile cha kijani, vinakiruka, vinachukua kikombe chake mwenyewe. Anakijaza hadi uji unamwagika pembeni, anampa Immakulata kwa mikono miwili, kama anayempa mkwe. Hawatazamani.

Mlango wa stoo unalia.

Elieth amesimama kizingitini, miguu haijaamua kama itambeba. Shavu moja limechorwa misuko ya gunia. Mkononi ana kikombe kitupu, na kwenye paji la uso amefungwa kitambaa kibichi, maji yanachuruzika hadi kidevuni.

"Bibi," anasema, "maji yameisha."

Immakulata anainamisha kichwa. Kuni zinapasuka ndani ya moto. Mwalimu Mwajabu hapandishi sauti. Anapiga goti mbele ya mtoto, anaweka mkono shingoni, chini ya sikio, kama alivyomwona Josepha akifanya kila siku.

"Mwalimu," Josepha anasema haraka, na anajaribu kuchekea pembeni ya mdomo, "asubuhi nilitoka kuchochea moto. Mkono ulinidanganya. Nikamwona wa baridi."

Mwalimu anafungua fundo nyuma ya kichwa cha mtoto. Anakikunjua kitambaa, bado kinatona, na anakipeleka polepole hadi kwenye kanga ya Josepha, pale pembe ilipochanika.

Maua yanakutana.