Mama Alipoingia Kwenye Usaili Wangu wa Polisi

Jamani, chekeni tu, nimeshazoea. Hii aibu naieleza mwenyewe kwa sababu hapa Iringa imeshatiwa chumvi mpaka siitambui. Kosa langu lilikuwa moja: nilikubali mama anisindikize Mbeya kwenye usaili wa polisi.

Asubuhi tulipewa maswali ya kupima tabia, yale ya kukubali au kukataa, nami (kaka alishaniambia polisi hawataki watu laini) penye "Siogopi mtu yeyote" nikakubali bila kupepesa macho, penye "Huwa naona huruma haraka" nikakataa, mimi ninayemlilia hadi kuku wa Krismasi. Mchana tukapelekwa uwanjani, mmoja mmoja, kumkamata mlevi. Mlevi mwenyewe alikuwa askari mtu mzima, mvi tupu, kavaa koti lililochanika, anapepesuka vizuri kuliko walevi wenyewe. Kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote, basi nikamkunja, nikamfokea "Twende kituoni, mzee mjinga!" nikaanza kumburuta, na nilikuwa nimeanza kujipenda kabisa niliposikia sauti ninayoijua tangu tumboni.

"We Tumaini! Unamburuta mtu mzima kama mbuzi wa mnadani?"

Mama, niliyemwacha nje ya uzio na chupa yake ya chai, alikuwa ameshapita getini (mlinzi alidhani ni mama lishe).

"Mama, ni maigizo," nikamnong'oneza.

"Maigizo ya kumtukana baba wa watu? Hivi ndo nilivyokulea? Piga magoti!"

Nikapiga. Mbele ya wasaili na wenzangu wote, magoti kwenye tope, "Baba, naomba unisamehe," na yule mlevi, badala ya kuniokoa, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu," akapokea chai aliyomiminiwa na mama.

Nilijua kazi imeniponyoka, machozi yakanitoka. Dada aliyesimamia yale maswali akanifuata na karatasi yangu.

"Hapa umesema humwogopi mtu yeyote. Tuiache hivyo?"

Nikaomba kalamu, nikaongeza: isipokuwa mama. Akacheka mpaka akajishika kiuno.

Basi, jamani, nimechaguliwa, naondoka Jumatatu kwenda mafunzoni. Nimeapa sisindikizwi tena na mtu, na mama nimemwambia wazi kwamba tunaagana hapa hapa stendi.

"Tutaona," kanijibu, na chupa ya chai ameshaiosha.