Mdogo Wangu na Kidonda cha Chini ya Ulimi

Nilipaswa kumwambia mama hapana. Aliamua kwamba mimi, mkubwa, nipande kamioni ya ndagala, lori la kubeba dagaa, iliyokuwa ikifuata wanajeshi kwenda Bujumbura, nikatibiwe mdomo, na mdogo wangu angoje msafara mwingine. Dereva alikuwa na nafasi ya mgonjwa mmoja. Nilipanda.

Sote wawili tulikuwa na vidonda. Changu kilikuwa kwenye mdomo wa chini, pale nilipobana kiko cha tumbaku kwa miaka ishirini, na sokoni Rumonge watu walikitazama kabla hawajanisalimu. Cha mdogo wangu kilijificha chini ya ulimi. Alikamua mawese, mikono imelowa mafuta kutwa nzima, hawezi kushika sigara; basi alibana ugoro chini ya ulimi na kuendelea na kazi. Hatukupendana. Tangu baba afe tuligombania mtambo wake wa kukamulia, na vita vilitufungia katika ua mmoja.

Muuguzi wa zahanati alitupima pamoja. Mdomo wangu aliutazama tu, akaubonyeza kidogo. Mdogo wangu aliambiwa ainue ulimi, muuguzi akapapasa kwa kidole, kisha akashuka hadi shingoni, chini ya taya. Hapo alinigeukia.

"Muzee, zote zinaweza kuwa kansere. Ya mdomo inatembea polepole, tena inakatwa vizuri. Hii ya chini ya ulimi inakimbilia shingoni. Huyu atangulie."

Nyumbani nilimwambia mama kwamba tunatakiwa Bujumbura. Hilo la kutangulia sikulitamka.

Mama alimuuliza mdogo wangu, "Wewe unaumwa sana?"

"Hapana. Inakwaruza tu."

"Basi mukubwa atangulie. Uso wake unatisha wageni."

Mdogo wangu aliinuka. Alinifuata hadi kwenye kamioni, akaegemea mlango.

"Kuna neno la muganga umelimeza, mukubwa."

"Lilikuwa lako. Mbona hukulisema?"

"Nikuombe nafasi mbele ya mama? Ufurahi?" Alitema mate mekundu kwenye vumbi. "Nenda. Wakupe mdomo mpya wa kunitukania."

"Huu wa zamani unatosha," nikamjibu, nikafunga mlango.

Bujumbura daktari alikata kipande cha mdomo wangu, akashona kingo zikakutana. Wiki ya pili nilikunywa chai bila shida. Lakini barabara ilifungwa kwa mapigano, na ilipofunguliwa miezi minne ilikuwa imepita. Mdogo wangu alifika akiwa na uvimbe shingoni mkubwa kama chikichi, na ulimi umeganda chini, maneno yake hayaeleweki.

Daktari yuleyule alimpima, akanawa mikono, akaniuliza, "Kwa nini huyu hakuja kwanza?"

Nilisema ni vita. Mdogo wangu alinitazama akatikisa kichwa, na daktari akaona.

Kidonda chake hakikuweza kukatwa tena. Nilimrudisha Rumonge, na huko alimaliza siku zake bila kuweza kumeza hata uji.

Mimi nimebaki na kovu ambalo ndevu zinalifunika. Nafasi ile niliyoichukua ilimuua ndugu yangu wa pekee. Muuguzi alipomweleza mama alichosema siku ile, mama aliacha kuzungumza nami, na alikufa bila kunisemesha.