Pita, Alisema Winifred

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba magari ya siku hizi ni makopo ya maziwa yaliyopakwa rangi ni Rugamba. Aliniambia nikiwa nimepiga magoti ndani ya gari lake, mdomo umejaa pini, nikimpimia vitambaa vya viti. Mimi ni fundi cherehani wa Biryogo, hapa Kigali, nimezoea kusikiliza watu wakati siwezi kuwajibu. Yeye ni karani mstaafu wa ofisi moja ya Kimihurura. Amekulia Mbarara, Uganda, anaishi Niboye na mkewe Winifred aliyekulia Karagwe, Tanzania. Watoto wameshaondoka. Wamebaki wao wawili na gari lao, Karina nyeupe.

Karina hiyo ina usukani kulia. Alikuja nayo kutoka Uganda enzi zile magari ya namna hiyo bado yanaruhusiwa. Wenzake walipopeleka magari yao gereji kuhamishiwa usukani kushoto, kama barabara zetu zinavyotaka, yeye aligoma.

"Mama Kaze, umeshaona mtu wanamuhamisha moyo kulia, anabaki mzima?" aliniuliza. "Gari wakihamisha usukani imekufa. Inatembea tu."

Hakuishiwa maoni. Mto wa hewa unaofumuka kwenye ajali aliuita ngumi ya kulipia. Magari ya umeme aliyachukia kwa sababu yanakuja kimya kama paka. Kamera za mwendo, hizi tunazoziita Sofia, alizisifu sana, maana zinawatia adabu vijana. Na siku zote alimalizia palepale: usalama si mikanda, usalama ni macho. Niliyacheka yote hayo, mpaka nilipopanda gari lake.

Mpwa wa Winifred alikuwa anaolewa Musanze, nami ndiye niliyeshona mishanana, yale mavazi ya sherehe ya kufunga begani, ya kina mama. Nikakaa nyuma, nguo mapajani. Sasa, asiyejua gari la usukani kulia kwenye barabara ya kuendesha kulia, nimweleze: dereva anakaa upande wa mtaro. Mbele yake kukiwa na lori, haoni kitu ila matako ya lori. Anayeona barabara ni aliyekaa kushoto. Kwa hiyo kwenye nyumba zenye magari hayo, mke ana kazi yake. Mume anauliza, mke anajibu, ndipo gari linapita.

Ukishaiacha stendi ya Nyabugogo barabara inaanza kupanda, kona juu ya kona, bonde likizidi kwenda chini. Tukanasa nyuma ya lori la kreti za soda lililokuwa likijikongoja.

"Win, iko wazi?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Bado."

"Win!"

"Pita."

Rugamba akakanyaga mafuta. Nilikuwa nimeinama katikati ya viti kumpa Winifred karanga, nikamwona uso. Alikuwa amefumba macho. Ameyakaza kama mtoto anayechomwa sindano, mkono umeng'ang'ania mkanda. Na mbele yetu basi lilikuwa linashuka, taa zinawakawaka.

Nikazikumbatia nguo. Rugamba akalivuta gari, likapenya katikati ya basi na lori, kioo cha pembeni kikakunjika kwa kishindo. Basi likapita likipiga honi mpaka likapotea konani.

"Banange, huyu wa basi alisomea wapi?" Rugamba akasema, akicheka. "Lakini mmeona hii gari inavyokamata barabara? Haya makopo yenu yangeshaenda bondeni."

Karanga zilikuwa zimemwagika zote. Aliyenitisha sasa hakuwa dereva wa basi. Nilimwogopa Winifred, mwanamke mpole ambaye hata kuku hachinji.

Musanze, nilipokuwa namfunga mshanana begani, nikamuuliza tukiwa peke yetu.

"Dada, mbona ulifumba macho?"

Akaangalia mlangoni kwanza. "Zamani nilikuwa naangalia," akasema. "Siku moja nilisema pita, lori likatokea, nikapiga kelele. Akashtuka, usukani ukayumba, kidogo tuanguke. Akaniambia kelele zangu ndizo zitakazotuua. Tangu siku hiyo nafumba, nisije nikapiga kelele."

"Sasa unajuaje kama barabara iko wazi?"

"Sijui. Nasema bado mara tatu, halafu nasema pita."

Pini yangu ikamchoma, hata hakushtuka. "Usimwambie, dada," akasema. "Utamvunja."

Sherehe nzima sikula kitu. Watu wanaimba, ng'ombe wa mahari wanasifiwa, mimi nawaza ile njia ya kurudi na wanangu wanaoningoja Biryogo. Mabasi ya kurudi Kigali yalikuwa yamejaa wageni wenzetu. Jua lilipoanza kulegea Rugamba akaja anazungusha funguo kidoleni, anamweleza bwana mmoja kwamba mikanda ni kwa madereva wasiojiamini. Hapo hasira zikashinda woga.

"Mzee Rugamba," nikasema, "mkeo akisema pita anakuwa amefumba macho. Nimemwona. Leo, na ndivyo anavyofanya siku zote."

Akacheka. Akamgeukia Winifred ili wacheke wote, na Winifred akainamisha kichwa.

"Win?"

Winifred akawa anauchezea upindo wa mshanana wake.

"Hata siku ile na watoto nyuma? Tunatoka Gisenyi?" Rugamba akauliza.

"Hata siku ile," akasema Winifred.

Rugamba aliketi kwenye ngazi za watu, na suti yake nzuri. Alipoinuka, akanifungulia mlango wa mbele kushoto bila kunitazama, Winifred akaingia nyuma.

Tukaondoka. Karibu na Shyorongi, kabla ya kushuka Kigali, tukafika nyuma ya lori la viazi, likiteremka polepole. Rugamba akakaa nyuma yake. Magari yakatupita, pikipiki zikatupita, hata baiskeli zilizobeba ndizi zikatupita. Nilimwona jasho likimshuka shingoni, na madirisha yote yalikuwa wazi.

Kisha lori likasimama. Na sisi tukasimama. Dereva wake akashuka, akavuka kununua mahindi ya kuchoma, akaanza kula akiongea na muuzaji. Upande wangu barabara ilikuwa tupu, naiona mpaka konani. Rugamba alishika usukani kwa mikono miwili, akingoja bila kuuliza. Nilifungua mdomo niseme pita, nikashindwa.