Nilimchongea Wifi Forodhani, Akabebwa Kaka Yangu

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Lakini mjue pia kwamba siku niliyolifanya jambo hili nilifurahi.

Nnauza khanga na vitambaa vya madera hapa Matrah, mji wa bandari huku Ghuba. Mzigo wangu unatoka Dar na Bara Hindi, na ushuru nnalipa. Ndivyo ilivyo tangu nchi za Ghuba ziungane kwenye forodha: kilichofumwa ndani ya nchi zetu kinapita bure, cha ng'ambo kinalipa.

Basi wifi yangu, mke wa kaka yangu, akafungua duka kunielekea. Vitambaa vile vile, bei chini ya yangu. Wateja wakahamia kwake. Siku moja akanisemesha mbele yao, "Wifi, biashara haitaki usingizi." Watu wakacheka, roho ikaniuma.

Nikapeleleza. Kumbe mzigo wake ni wa Bara Hindi kama wangu! Ila unashushwa nchi jirani, kwenye bandari huru isiyotoza ushuru, unabandikwa lebo mpya, unaingia kwetu kama umefumwa Ghuba. Ushuru halipi hata baisa moja.

Nikasema, leo utanitambua. Nikawapigia simu watu wa forodha, nikataja duka na siku lori lake la mzigo linapoingia. Walipokuja kulifunga duka nilikaa mlangoni kwangu nnakunywa kahawa, nnamtazama anavyolia. Wallahi niliona raha.

Sasa sisi wenyewe ndivyo tulivyo: mke anafanya biashara, karatasi zote kwa jina la mume. Hata duka langu liko kwa jina la mume wangu. Nilikuwa nnajua, hasira zikanipofua. Wifi alirudi kwake kulala. Aliyechukuliwa ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, mtu asiyejua hata kitambaa cha poplini ni kitu gani.

Mama akaja dukani, macho yamemvimba. "Nani kamchongea mwanangu?"

"Sijui, mama."

Akainua mikono, akamuomba Mungu aliyefanya haya asione kheri kwa watoto wake. Kisha akanigeukia, "Itikia amin."

Nikaitikia. Nna watoto watatu.

Wifi bado simpendi, na sitokwambieni uongo kwamba nimemsamehe. Ila nyinyi wenzangu mnaotaka kulipiza, kwanza ulizeni duka lina jina la nani. Mimi mama yangu ananipikia mpaka leo, hajui ni mimi, na kila nikila kwake nnaikumbuka ile amin yangu.