Ordinatere Iliyoimba Besi

Papa, baba yangu, alikuwa mgonjwa wa koo, na kabla ya kufa alitaka kitu kimoja tu: kusikia tena wimbo wake na sauti zote nne. Aliutunga kwa korali ya kanisa letu, Butembo. Waliuimba Jumapili chache, kisha vita ikaingia mtaani na korali ikatawanyika. Wengine walivuka mpaka kwenda Uganda, wengine walishuka Luofu kwa ndugu zao. Wanaume waliokimbia walikwenda na besi na tenor yote. Papa mwenyewe alikuwa besi, lakini sasa alikuwa ananong'ona tu.

Mimi niliishi Beni, katika mtaa wa Beu, nikitengeneza maredio. Nilikuwa na kompyuta moja ya zamani, ya kubeba mkononi. Kwetu tunasema ordinatere. Agronomu mmoja, bwana shamba, aliniachia alipokimbia. Nilijifundisha kuiandikia programu kwa kitabu cha Kifaransa kilichokosa kurasa za mwanzo. Programu za maana? Hakuna hata moja! Mama alisema naichezea kama mtoto na kifuniko cha chungu.

Nilipokwenda Butembo kumwona papa niliificha ndani ya gunia la maharage, maana pale kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, maaskari wangeipenda mno.

"Papa, ordinatere inaweza kuimba," nikamwambia.

"Iimbe basi," akanong'ona.

Kumbe spika yake inatoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Mimi mjuaji nikasema, haidhuru, nitazipokezanisha noti za sauti nne haraka haraka, sikio litadanganyika. Nikaandika do, re, mi zote za papa, nikaiunga mashine kwenye batri ya lori. Papa akafumba macho akasikiliza.

"Hii ni nyuki," akasema. "Funga."

Dada yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikasirika vibaya, hata ugali sikuugusa. Hasira ilipopoa nikaona njia rahisi: mashine ichukue besi peke yake. Mama ataimba soprano, dada alto, mimi tenor.

Tulijaribu mama alipotoka shambani, akashindwa kabisa kufika juu. Nilikuwa nimeichukua do kutoka kwenye kitabu na kuipigilia ndani ya programu kama msumari ukutani. Na mimi nimelelewa katika korali ile! Kwetu do haikai kitabuni. Kiongozi anaangalia makoo ya watu yalivyo siku ile, anaguna do kidogo, wote wanajenga kutoka pale.

"Do ni ya mama yako," papa akasema. "Hapana ya ile mashine."

Alikuwa na haki. Nikabadilisha programu iulize kwanza, ipandishe au ishushe do mpaka ilingane na mama kabla ya kuanza. Mama alifurahia ukubwa huo. "Shusha. Shusha tena. Eh, weye, umepita!"

Halafu tukaimba. Kwenye mstari wa tatu papa akainua mkono. Nikarukia mashine nikidhani besi imeharibika, lakini yeye alikuwa anamnyooshea dada kidole.

"Papa, mi niliimba vile uliandika," dada akajitetea.

"Ndiyo. Ni mimi nilikosea."

Jumapili zile zote alisimama katikati ya mabesi, masikio yamejaa sauti yake mwenyewe. Hakuwahi kuusikia wimbo wake akiwa nje yake. Pale kwenye mstari wa tatu alto yake ilikuwa inagongana na tenor, na hakuna aliyethubutu kumwambia, kama kuna aliyejua. Akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Akaomba stilo ya kuandikia, akafuta la kwenye karatasi ya alto, akaandika so. "Tena!" Tukarudia mpaka batri ikaisha. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, na nikiikumbuka machozi yananitoka hata leo.

Alikufa kabla ya mavuno ya maharage. Siku zile barabara ilikuwa imefunguka kidogo, na wana-korali waliokuwa karibu walirudi kumzika. Kaburini wakauanza wimbo wake vile walivyoujua tangu zamani. Walipofika mstari wa tatu, maalto wakaimba ile la ya zamani.

Mama alikuwa amekaa chini, wamama wenzake wamemshika mikono. Akajitoa, akasimama.

"Hapana! Munyamaze! Ile noti aliisha kuikosoa!"

Pasta alibaki na kitabu wazi mkononi. Vijana wa majembe wakaegemea majembe yao. Pale pale kwenye udongo mbichi dada akawafundisha maalto noti mpya, wakaikosa, akawarudishia, wakaikosa tena, na hakuna mtu aliyeondoka. Mama alisimama akisikiliza mpaka wakaikamata. Kisha akakaa, akawaambia waanze tangu mwanzo.