Egidi na Mahindi ya Kando ya Barabara

Nyumba ya Egidi hapa Ukata imepakwa chokaa upande mmoja tu, ule unaotazama barabara. Kuta tatu zilizobaki ni za tope kama za kwetu, lakini nani atazunguka nyuma kuzikagua? Kahawa yake nayo hupogolewa mistari miwili ya mbele. Ya nyuma hujiotea inavyotaka. Nimekuwa jirani yake miaka mingi, na sijaona mtu mwingine anayeogopa kuchekwa kuliko kufa. Kanisani kwetu kigangoni ni mwenyekiti wa jumuiya na hukaa benchi la kwanza, bila shaka ili Mungu asipate taabu ya kumtafuta.

Soko huria lilipoingia, tuliambiwa tufurahi. Chama cha ushirika kilichokuwa kikitukopesha mbolea kikawa kinapumua kwa shida, na bei ya mbolea ikaachiwa huru, nayo ikapaa kama ilivyoruhusiwa. Wakaja wafanyabiashara na mifuko ya mbegu mpya za mahindi, kila mfuko una picha ya hindi kubwa kama paja la mtu. Kila mmoja alisema yake ndiyo bora. Sisi tuliokwisha kuwa huru tulibaki na uhuru wa kubahatisha.

Ndipo Bwana Shamba Damiano akaja kutoka Mbinga na jaribio lake. Alitaka kujua mbegu ipi inazaa bila mbolea, maana mbolea wengi wetu tulikuwa tunaiona dukani tu na kuisalimia. Alileta mbegu mpya tatu. Ya nne aliiomba kwa Gertruda, dada mkubwa wa Egidi, mjane. Sisi wengine tulishayatupa mahindi ya wazee tangu enzi za mikopo ya ushirika. Gertruda peke yake ndiye aliyeendelea kutundika jikoni, juu ya moshi, mbegu aliyoachiwa na mama yao. Tulimcheka sana kwa hilo, kwa kuwa tulikuwa watu wa maendeleo.

Shamba la jaribio likawa la Egidi, kwa sababu lilikuwa barabarani na mwenyewe alijitolea kabla hajaombwa. Damiano, tumpe haki yake, kazi aliijua. Aliutazama mteremko wenye ngolo, yale mashimo yetu ya kuzuia udongo usishuke na mvua, akasema huku juu udongo umekonda na kule chini una rutuba. Ukipanda mbegu moja juu na nyingine chini, utakuwa umepima kilima badala ya mbegu. Basi akaligawa shamba matabaka matatu, la juu, la kati na la chini, na katika kila tabaka akaweka mbegu zote nne, kila moja na kitalu chake. Nani akae wapi ndani ya tabaka, ikapigwa kura kwa vikaratasi ndani ya kofia ya Egidi. Kofia hiyo haikumpendelea mwenyewe: vitalu vya kando ya barabara vyote vikaangukia mbegu mpya.

"Bwana Shamba," Egidi alisema, "barabarani si tungeweka ile iliyo nzuri?"

"Mzee, iliyo nzuri hatuijui. Ndiyo tunayoitafuta."

"Na ikitokea mbaya? Watu watasema ni mimi."

"Watasema ni mbegu," Damiano alimjibu. Alikuwa bado kijana.

Kufika Januari mbegu mpya zilikuwa zimegeuka njano, zimesinyaa, na mahindi ya Gertruda yamesimama kijani kibichi kana kwamba hayajasikia habari za soko huria. Unjano ule ndio uliokuwa jibu lenyewe. Kilichobaki ni kungoja mavuno na kupima. Lakini waliokwenda sokoni hawakungoja. "Shikamoo, Mzee Egidi! Haya ni mahindi au ni vitunguu?" Naye aliitikia marahaba huku ameuma meno.

Jumapili moja, wakati wa misa ya pili, mkewe Edina alimkuta shambani na bakuli la mbolea iliyosalia ya kahawa. Alikuwa anazitilia mbegu mpya shina kwa shina, katika matabaka yote matatu. Edina alinisimulia baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika.

"Baba Ottilia, si ulikatazwa?"

"Nilikatazwa kupendelea, nami sipendelei," alimjibu mkewe. "Kwenye sengu, tunapokula pamoja wanaume wa ukoo vyakula vilivyotoka kila nyumba, si unamega sahani ya kila mama, hata ambaye mboga yake haina chumvi? Humwaibishi mtu. Sasa kwa nini kitalu changu kiaibike?"

Hoja nzuri mno, na kama Damiano angekuwa anajaribu mboga ingefaa. Edina alisema yeye hayumo, akarudi nyumbani.

Wakati wa mavuno kila kitalu kilipimwa peke yake. Damiano alipiga hesabu zake, akafurahi kuona matabaka yote matatu yanasema neno moja: mbegu zote nne ziko sawa. Uzuri wa jaribio lililopangwa vizuri ndio huo, hata uongo linaupima bila kukosea. Kwa kuwa yote yalikuwa sawa, mahindi yakachanganywa, yakapukuchuliwa, mchuuzi akayabeba yote. Damiano akatushauri tuchague inayowahi kukomaa. Egidi alikuwa amesimama pale pale, na kinywa anacho. Nikikumbuka namna alivyotikisa kichwa kukubali, hasira hunipanda mpaka leo.

Wiki chache baadaye tulikusanyika uani kwake, upande wa chokaa, kumsherehekea mkulima wa mfano. Alipewa jembe jipya na makofi. Tukaletewa ugali na maharage, tukaushambulia. Ugali ulikuwa mtamu, wenye harufu ya moshi kwa mbali, na Damiano aliusifu.

"Huo umetoka kwangu," alisema Gertruda, uso wote furaha. "Mwezi wa pili kwangu chakula huwa kimekwisha kila mwaka. Sasa mmenithibitishia kwamba zote ni sawa, nimenunua mfuko wa ile inayowahi. Yale mahindi yangu ya jikoni ya kazi gani tena?"

Egidi aliweka chini tonge lake. "Dada, mbegu umeiweka wapi?"

"Nimesaga."

"Yote?"

"Mpaka hindi la mwisho. Watu ni wengi, ningekuaibishaje siku yako?"

Hapo ndipo Egidi alipopata kinywa. Alisema kila kitu mbele yetu sote, bakuli, Jumapili na mbolea. Zile mpya bila mbolea hazizai kitu. Ile iliyostahimili ilikuwa moja tu. Damiano alibaki na tonge mkononi, nasi wengine, watu wa maendeleo, tukatazama sahani zetu. Mimi yangu ilikuwa imekwisha.

Gertruda alinyanyuka, akamega kipande kikubwa cha ugali uliosalia, akakiweka kwenye sahani ya mdogo wake.

"Kula, Egidi," alisema. "Ni mbegu ya mama."